Tabia ya Adui: Kutoka Pango la Mwiala hadi Michezo ya Kompyuta

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umemshughulikia shujaa kwa mapana na marefu. Fumo Liyongo peke yake ameandikiwa makala na tasnifu za kutosha kujaza rafu. Sifa zake zimeainishwa, asili yake imejadiliwa, kifo chake kimefasiriwa kwa mikabala mbalimbali. Adui wa shujaa hajapata bahati hiyo. Aghalabu hutajwa katika aya moja, kama kizuizi kilichowekwa njiani ili shujaa apate cha kuruka. Makala haya yanakusudia kumgeukia adui huyo na kumuuliza swali sahili ambalo halijazoeleka katika uhakiki wetu: anafanya nini? Kabla hajashindwa, adui huenda wapi, huona nini, hushtushwa na nini, hushambulia lini, na ni kitu gani kinachomfanya aache?

Swali hili limepata uzito mpya kutokana na utanzu ambao idara zetu hazijaamua kama ni fasihi au la, nao ni mchezo wa kompyuta. Mtunzi wa mchezo wa mapigano hawezi kuridhika na kuandika kwamba adui ni "mkali" au "katili". Mashine haielewi vivumishi. Humlazimu mtunzi aseme adui atafanya jambo gani katika hali gani, na kwa kawaida hali hizo huwa chache. Katika hali ya kwanza adui hupiga doria au hukaa mahali pake. Katika ya pili hutambua kwamba kuna mtu. Katika ya tatu hushambulia. Katika ya nne hurudi nyuma, ama kwa kuumizwa, ama kwa kumpoteza aliyekuwa akimfuata. Kila hali ina sharti la kuingilia na sharti la kutokea: mchezaji akikaribia kwa hatua kadhaa, doria hugeuka utambuzi, akijificha kwa muda fulani, shambulio hugeuka doria tena. Huo ndio msingi, na michezo mingi iliyo tata imejengwa juu yake.

Tunakusudia kutoa hoja mbili. Kwanza, utaratibu huu haukuzaliwa na kompyuta. Fanani wa masimulizi ya kale aliutumia, na mfano wake ulio wazi unapatikana Bungoma. Pili, uamuzi mzito kuliko yote anaoufanya mtunzi wa adui ni kama amempa hali yoyote iliyo nje ya mapigano. Je, adui anaweza kusemezwa? Uwezekano huo tutauita hali ya tano. Historia ya adui, kama tutakavyojaribu kuonyesha, ni kwa kiasi kikubwa historia ya nani amepewa hali ya tano na nani amenyimwa.

Eneo tulilolichagua ni la Kitale na Bungoma, chini ya Mlima Elgon. Hapa pana mighani mashuhuri ya shujaa na joka, pana kumbukumbu za vita vya mwaka 1895, na pana migogoro ya karibuni ambayo ililifanya neno "adui" lisiwe la kuchezea. Hapa pia, kama katika miji mingine ya Kenya, vijana hucheza michezo ya kompyuta katika vibanda vya kulipia na katika simu zao.

2. Joka la Mwiala: adui anayesomeka

Masimulizi ya Mango yanajulikana sana miongoni mwa Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia. Hukumbukwa hasa msimu wa tohara unapowadia, katika Agosti ya kila mwaka wa shufwa, kwa sababu Mango ndiye anayetajwa kuwa chanzo cha desturi hiyo katika jamii hii. Matoleo yanatofautiana, lakini kiini chake ni hiki. Joka kubwa liitwalo Yabebe lilikuwa likiishi katika pango la Mwiala na kuangamiza watu na mifugo. Mango aliazimia kuliua. Aliingia pangoni wakati joka limetoka kwenda kuwinda, akajificha humo akiwa na ngao na silaha aliyoinoa vizuri, akangoja. Liliporudi na kuingiza kichwa, alikikata kwa pigo moja. Kichwa kilichokatwa kiliruka kikauma mti, na mti ule ukanyauka.

Tukiyasoma masimulizi haya kwa jicho la mtunzi wa mchezo, tunaona kwamba fanani ameipa hadhira mambo manne kuhusu adui, wala hakuna la ziada. Joka lina saa ya kutoka. Lina saa ya kurudi. Huingia kwa kutanguliza kichwa. Na sumu yake haifi pamoja nalo. Kila moja ya habari hizi ina kazi yake katika msuko: ya kwanza humwezesha shujaa kuingia, ya pili hujenga taharuki, ya tatu huamua pigo, na ya nne huionya hadhira kwamba ushindi haujaondoa hatari. Hasira ya joka haichunguzwi. Hatuambiwi kama lilikuwa na njaa au chuki. Tunaambiwa mwenendo wake tu, na mwenendo huo haubadiliki.

Ni kutobadilika huku kunakoufanya ushujaa wa Mango uwezekane. Msomaji atakumbuka jinsi Liyongo anavyouawa. Siri ya mwili wake, kwamba ni sindano ya shaba tu iwezayo kumdhuru, na kwamba lazima ipenye kitovuni, hupatikana kwa hila na usaliti wa mwanawe mwenyewe. Elimu ya kumshinda Liyongo ni ya faragha, huibwa. Elimu ya kulishinda joka la Mwiala iko hadharani. Yeyote aliyepoteza ng'ombe angeweza kujua joka hutoka lini na hurudi lini. Mango ana nguvu na ujasiri, lakini kinachomtenga na wenzake ni kwamba alitazama, akatulia, akaikubali ratiba ya adui kuwa silaha yake. Adui huyu anasomeka, na masimulizi humtuza anayesoma.

Sifa hii haikutoka hewani. Mlima Elgon umejaa mapango, na watu wa nchi hii wameishi nayo kwa karne nyingi. Joseph Thomson aliyapitia mwaka 1883 akakuta mengine yana wakazi. Msafiri atokaye Kitale kwenda Endebess, hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, anaweza kulifikia pango la Kitum, ambako tembo huingia usiku kuchimba chumvi katika kuta, wakipapasa gizani kwa mikonga. Anayeishi jirani na pango la namna hiyo hujifunza mapema kwamba kilichomo ndani kina saa zake, na kwamba usalama wake unategemea kuzijua. Mighani ya Mango imeikuza elimu hiyo ya kila siku ikawa sanaa.

3. Ngome kama nadharia ya adui: Lumboka na Chetambe, 1895

Kabla ya ukoloni Wabukusu waliishi katika vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki, vilivyoitwa chingoba. Lango lilikuwa jembamba. Majengo haya yanastahili kusomwa kama matini, maana kila ngome ni nadharia ya tabia ya adui. Ukuta unamchukulia adui kuwa mtu ajaye kwa miguu. Handaki linachukulia kwamba atakuja kwa kasi. Lango jembamba linachukulia kwamba, akilazimishwa kuingia mmoja mmoja, wingi wake hautamfaa kitu. Dhidi ya wavamizi wenye mikuki na ngao, nadharia hii ilikuwa sahihi, na ilikuwa imejaribiwa kwa miaka mingi.

Mwaka 1895 adui alikuja na tabia nyingine. Kikosi kilichoongozwa na C. W. Hobley, kikiwa na askari wa Kisudani, Waganda na wasaidizi kutoka Wanga na Wamaasai, kiliwashambulia Wabukusu, kwanza Lumboka na kisha Chetambe, kilimani karibu na mahali palipo leo mji wa Webuye. Chanzo kilikuwa ni mgogoro wa bunduki zilizokuwa zimeingia mikononi mwa Wabukusu, na kuuawa kwa askari waliotumwa kuzidai. Adui aliyejengewa ngome alihitaji kukaribia ili adhuru. Adui aliyefika alidhuru akiwa mbali. Ukuta uliokuwa umemzuia wa kwanza uliwafungia watu mahali pamoja mbele ya wa pili. Wapiganaji wa Chetambe, Wabukusu pamoja na Watachoni, hawakushindwa kwa kukosa ujasiri. Walishindwa kwa sababu kanuni walizozisoma kwa vizazi zilibadilishwa bila taarifa.

Tukio hili lina upande wa pili unaotuhusu zaidi kama wahakiki. Safari za kijeshi za namna hii ziliitwa, katika lugha ya watawala, safari za "kuadhibu". Neno hilo linafanya kazi ya kifasihi. Linampa mmoja wa wahusika nafasi ya hakimu na kumwachia mwingine nafasi ya mkosaji, na mkosaji katika simulizi ya adhabu ana matendo machache mno: hukosa, hukaidi, hupigwa, husalimu amri. Mwandishi wa simulizi hiyo hahitaji kuuliza kwa nini bunduki hazikurudishwa, wala ndani ya kuta palizungumzwa nini usiku wa kuamkia mapambano. Kitabu cha F. E. Makila kuhusu historia ya Wabukusu, kilichochapishwa mwaka 1978, kina thamani kubwa kwa sababu kinaizungumzia jamii hiyo kutoka ndani ya kuta. Watu walewale ambao kumbukumbu za kiofisi ziliwapa hali nne, au pungufu, wanarudishiwa mashauri, hofu, tofauti za maoni na sababu.

Hapa yafaa tuweke tofauti ambayo itatusaidia mbele. Kumnyima joka usemi ni haki ya fanani. Joka ni joka. Kumnyima mwanadamu usemi ni uamuzi, na uamuzi huo una mwenyewe.

4. Kutoka kwa wavamizi hadi mapepo manne, 1978–1980

Mwaka uleule wa 1978, kwa sadfa tu, Mjapani Tomohiro Nishikado alitoa mchezo wa Space Invaders. Adui zake walikuwa safu za viumbe walioshuka taratibu kutoka juu ya kioo, wakienda kando, wakigusa ukingo, wakashuka hatua, wakarudi. Hawakumwona mchezaji wala hawakumfuata. Hata hivyo walitisha, kwa sababu kadiri walivyouawa ndivyo waliobaki walivyoongeza kasi. Inajulikana kwamba kasi hiyo ilitokana na udhaifu wa mashine: viumbe wakipungua, kazi ya kuwachora ilipungua, nao wakaenda mbio. Mtunzi aliiona athari hiyo akaiacha. Matokeo yake ni taharuki ambayo fanani yeyote angeitambua: wa mwisho ndiye mgumu kuliko wote.

Miaka 2 baadaye, mwaka 1980, kampuni ya Namco ilitoa Pac-Man, kazi ya Toru Iwatani na wenzake. Humo adui ni mapepo manne katika vichochoro vya fumbo. Yote yana umbo moja, tofauti ikiwa rangi. Kilichoyafanya yawe wahusika ni mwenendo. La kwanza humfuata mchezaji moja kwa moja. La pili hulenga nafasi ya hatua 4 mbele ya uso wa mchezaji, kwa hiyo huonekana kama linalovizia. La tatu hukokotoa njia yake kwa kuangalia mahali alipo mchezaji pamoja na mahali lilipo pepo la kwanza, na hivyo halitabiriki kwa urahisi. La nne hukaribia, lakini likifika umbali wa chini ya hatua 8 hugeuka na kukimbilia pembeni. Majina yao ya Kijapani yalieleza tabia hizo: mfukuzaji, mviziaji, kigeugeu, na ajifanyaye hajui. Aidha, mapepo hayafukuzi wakati wote. Katika kiwango cha kwanza hutawanyika pembeni kwa sekunde 7, kisha hufukuza kwa sekunde 20, kisha hutawanyika tena, na kuendelea. Mchezaji hupewa nafasi ya kupumua, na pumziko hilo ndilo linalofanya kukimbizwa kuwe na maana.

Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa ngano za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928, alifafanua wahusika kwa kile wanachokitenda, akaona kwamba uwanja wa adui una matendo makuu matatu: kutenda uovu, kupigana na kufukuza. Wengi walimlaumu kwa kuifanya fasihi iwe mifupa mitupu. Pac-Man unaonyesha kwamba mifupa hiyo inaweza kutembea. Unasahihisha pia dhana tuliyoipokea kwa E. M. Forster (1927), nasi tukaifundisha kwa miongo mingi, kwamba mhusika bapa ni mhusika duni. Pepo la Iwatani ni bapa kupita kiasi: sentensi moja inatosha kulieleza. Lakini mapepo manne bapa, kila moja na sentensi yake, yakiwekwa pamoja katika kichochoro kimoja, huzaa hali ambazo hakuna sentensi moja inayoweza kuzieleza. Joka la Mwiala nalo ni bapa, na halipungukiwi kitu kwa kuwa hivyo.

Kwa hiyo hatudai kwamba kila adui awe na nafsi ya kina. Adui bapa ni nyenzo halali ya sanaa maadamu hatumchanganyi na mwanadamu. Utata huanza pale nyenzo hii inapovishwa sura ya watu halisi na kupewa lugha yao. Hilo lilitokea mwaka 2009, na lugha iliyotumika ilikuwa yetu.

5. Majini wa mwaka 2009

Resident Evil 5, mchezo wa kampuni ya Capcom ya Japani, ulitoka mwaka 2009. Matukio yake yanafanyika Kijuju, mahali pa kubuni panaposemwa kuwa Afrika Magharibi. Wakazi wa Kijuju wameambukizwa vimelea vinavyowageuza kuwa wauaji, na kazi ya mchezaji ni kuwapiga risasi. Jina la maadui hao ni Majini, na husemezana kwa Kiswahili. Tangu vielelezo vya kwanza vya mchezo huu vilipoonyeshwa mwaka 2007 palikuwa na mjadala mkali kuhusu picha ya Mzungu anayewaua Waafrika kwa wingi. Mjadala huo ulikuwa wa haki, lakini ulihusu zaidi kilichoonekana. Kilichosikika hakikujadiliwa vya kutosha, na hapo ndipo mhakiki wa Kiswahili ana la kusema.

Tuanze na sifa yake, maana kwa upande wa ufundi maadui hawa wametungwa vizuri. Shujaa wa mchezo huu hawezi kutembea huku akilenga, lazima asimame. Maadui wakikimbia hadi kumgusa, mchezo hauchezeki. Kwa hiyo, kama watangulizi wao wa Resident Evil 4 (2005) waliosema Kihispania, Majini hukimbia wakiwa mbali na hupunguza mwendo wakikaribia, kana kwamba kuna mapatano ya siri baina yao na mchezaji. Wengine huzunguka upande. Wito wa mmoja humwonya mchezaji kwamba wengine wanakuja. Kila kitu kinasomeka, kama kule Mwiala.

Lakini kwa nani? Kwa mchezaji asiyejua Kiswahili, maneno ya Majini ni kelele yenye kazi moja, kumjulisha kwamba ameonekana. Ni sawa na mlio wa joka. Kwa kijana wa Bungoma au Kitale aliyefunzwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, maneno hayo ni maneno. Anaelewa kwamba hawa wanaamrishana, wanatambuana, wana "sisi" na "yeye". Mchezo unamwambia kwa macho kwamba hawa ni wanyama, na unamwambia kwa masikio kwamba ni watu, na hauna njia yoyote ya kumruhusu ajibu. Anakielewa anachoambiwa na bado kitufe alichopewa ni kimoja. Watunzi hawakumfikiria msikilizaji huyu. Ushahidi wa hilo umo katika jiografia yenyewe: Kiswahili kimepelekwa Afrika Magharibi, mahali ambako si lugha ya wenyeji, kwa sababu kilihitajika kiwe sauti ya "Afrika" tu, si sauti ya mtu fulani wa mahali fulani.

Jina walilopewa linazidisha kinaya. Katika imani za pwani jini si shetani tu asiye na neno. Kuna majini wema na wabaya; wana majina, wana dini, wana makwao. Zaidi ya yote, jini anayempanda mtu ana haja. Katika ngoma ya pepo, aliyepandwa huitwa kiti, na mganga humsemeza jini aliyekalia kiti hicho: humuuliza jina, humuuliza alikotoka, humuuliza anataka nini. Jini hujibu kwa kinywa cha kiti chake, hudai nguo au uvumba au chakula, na mara nyingi mambo humalizika kwa maafikiano ambayo pande zote mbili zinapaswa kuyaheshimu. Tukitumia istilahi yetu, jini wa mapokeo ya Waswahili ni kiumbe ambaye hali yake kuu ni ya tano. Kusemezwa ndiko kunakomtambulisha. Mchezo wa mwaka 2009 ulichukua jina lake na lugha yake, ukaiacha sifa hiyo moja iliyomfanya kuwa jini.

6. Hali ya tano

Turudi kwa Mango, kwa sababu masimulizi yake yana mhusika mwingine ambaye tumemwacha kando kwa makusudi. Mango hakutoka kwenda pangoni kwa sababu ya joka tu. Alikuwa na majirani, Wasabaoti, waliokuwa wakitahiri na ambao walimdharau kwa kuwa hakutahiriwa. Kulingana na matoleo yanayosikika zaidi, kuliua joka ndiko kulikowashawishi majirani hao wakubali kumtahiri, na hivyo desturi ikaingia kwa Wabukusu. Masimulizi haya basi yana wapinzani wawili. Mmoja hana usemi na anauawa. Mwingine ana usemi: hubeza, huweka sharti, hushuhudia, hubadili nia, kisha huwa mwalimu. Fanani hakuwachanganya. Jirani hakufanywa joka, na mwisho wa simulizi ni kisu cha ngariba kutoka upande wa pili, kinachopokewa kama heshima.

Katika eneo hili jambo hilo si la nadharia. Mapigano ya kikabila ya 1991 hadi 1993 yaliwaondoa watu wengi makwao katika Trans Nzoia na Bungoma. Kati ya 2006 na 2008, katika Mlima Elgon, kundi lililojiita Jeshi la Ulinzi wa Ardhi ya Wasabaoti liliua na kutesa watu kutokana na mgogoro wa ardhi ya Chebyuk, ambao kwa sehemu kubwa uliwagonganisha Wasabaoti wenyewe, koo kwa koo. Mwezi Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi, na raia walipata mateso mapya. Ukisikiliza namna watu wanavyozungumza nyakati kama hizo, unasikia upunguzaji uleule tuliouona katika lugha ya "kuadhibu": wao hufanya hivi, wao huja hivi, ukiwaona fanya hivi. Jirani aliyekuwa na kisa, deni, mke na utani hubakia na hali nne. Hatusemi kwamba michezo ya kompyuta ndiyo inayoleta vita. Mapigano haya yalikuwa na sababu zake za ardhi na siasa. Tunasema kwamba anayetunga adui anafanya kwa hiari, na kwa utulivu wa chumbani, jambo ambalo jamii hufanya kwa hofu, na kwa hiyo ana wajibu wa kujua analolifanya.

Watunzi wa Kenya wamekwisha kuanza kujibu, kila mmoja kwa njia yake. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, miongoni mwa michezo ya kwanza ya pande tatu kutungwa nchini. Katikati ya miaka ya 2010 Andrew Kaggia na kampuni ya Black Division Games walitoa Nairobi X, ambamo mji mkuu unavamiwa na viumbe kutoka anga za mbali. Uchaguzi huu wa adui unastahili kufikiriwa. Kiumbe wa anga hana kabila, hana shamba linalogombaniwa, hana lahaja. Katika nchi iliyotoka katika maafa ya 2007 na 2008, adui asiye jirani ya mtu ni adui ambaye Wakenya wote wanaweza kusimama upande mmoja dhidi yake. Kwa maana hiyo mchezo huu unafuata busara ya Mwiala: asiyesemezeka asiwe mtu.

Njia ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni kumpa adui hali ya tano ndani ya kanuni zenyewe. Undertale, mchezo wa Mmarekani Toby Fox uliotoka mwaka 2015, umethibitisha kwamba hilo linawezekana hata kwa ufundi sahili. Kila adui humo anaweza kupiganwa, au anaweza kusemezwa, kuchekeshwa, kutulizwa na kuachiliwa, na mchezo hukumbuka mchezaji alichagua nini. Kwa mtunzi, gharama ya jambo hili si kubwa. Kwenye orodha ya hali huongezwa moja, pamoja na sharti la kuingilia: mchezaji akishusha silaha, au akitaja jina, au akijibu swali. Ugumu uko kwingine. Mtunzi hulazimika kujua adui wake anataka nini, na hilo ndilo swali ambalo mganga wa pwani huliuliza mapema.

Tungeongeza kwamba michezo inayopendwa mara nyingi katika vibanda vya miji yetu ni ya kandanda, na humo mashine huendesha wachezaji kumi na mmoja wa upande wa pili kwa kanuni zilizo tata kuliko za Majini. Hakuna anayewaita adui. Ni wapinzani: wana sheria zilezile, muda uleule, na kipenga kinawahusu. Kiswahili kilikwisha kututofautishia maneno haya mawili. Nadharia yetu ya wahusika haijalitumia vya kutosha.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tabia ya msingi ya adui, ambayo watunzi wa michezo ya kompyuta huiandika kama orodha ya hali na masharti, ina historia ndefu katika masimulizi. Joka la Mwiala linatufundisha kwamba adui bapa anaweza kuwa sanaa kamili akisomeka. Chetambe inatufundisha kwamba kila ngome, na kila simulizi, imejengwa juu ya makisio kuhusu adui, na kwamba maandishi ya mshindi yanaweza kumpunguza mwanadamu hadi akalingana na joka. Majini wa mwaka 2009 wanatuonyesha upunguzaji huo ukifanywa kwa lugha yetu mbele ya masikio yetu. Na jirani wa Mango anatukumbusha kwamba fanani wa kale alijua mpaka uko wapi.

Kwa wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada, tunapendekeza zoezi moja. Chukua utendi, ngano, riwaya ya vita au mchezo wowote, na kabla ya kuandika neno lolote kuhusu shujaa, andika orodha ya hali za adui wake pamoja na masharti ya kuhama kutoka moja hadi nyingine. Kisha angalia kama iko hali ambamo adui huyo anaweza kuambiwa neno akalijibu. Kama haipo, na adui huyo ni mtu, tasnifu ianzie hapo: ni nani aliyeiondoa, na shujaa angepoteza nini kama ingekuwapo?